Tupeane uzoefu: Uliwahi kufanywa mgeni ndani ya maabara yako mwenyewe?

Pipeti_Moja
Wakuu, habari za saa hizi. Leo kwenye kikao cha kikundi chetu cha utafiti nimetoa hoja kuhusu kwa nini sampuli zinaharibika. Kimya. Baada ya muda kaka mmoja kairudia ile ile, karibu neno kwa neno, mkuu wa maabara akasema "wazo zuri sana, liandikwe." Na wa kuliandika ni mimi, maana muhtasari wa vikao huandika mimi, kazi ambayo hakuna aliyewahi kunipa rasmi. Nimerudi mezani kwangu nikacheka tu. Hebu tupeane uzoefu: jinsia, rangi, ulemavu, dini, lafudhi, umri, chochote. Kwenye sayansi yalikukuta yapi, na ulitokaje?

Darubini
Hiyo ya muhtasari umenigusa, dada. Na michango ya kuwaaga wanaoondoka anakusanya nani? Najua jibu.

Gurudumu
Natumia kiti cha magurudumu. Watu wakisikia "ujumuishi" wanawaza hotuba, mimi nawaza sentimita. Meza za maabara zimejengwa kwa mtu aliyesimama. Kabati la kuvuta hewa ya kemikali, uwazi wake uko usawa wa uso wangu, kwa hiyo mwenzangu akifungulia chupa pale, pua yangu ndiyo ya kwanza kupokea. Cheni ya bafu la dharura, lile la kujimwagia maji ukirukiwa na asidi, siifikii. Niliandika barua, nikajibiwa kwamba likitokea la kutokea "mwenzako wa karibu atavuta." Yaani niungue, halafu nianze kutafuta mwenzangu. Cheni ilikuja kurefushwa mkaguzi wa usalama alipouliza swali lile lile nililouliza mimi. Kazi yenyewe ilikuwa kipande cha mnyororo na fundi mmoja, kamaliza kabla sijamaliza kusoma barua pepe zangu za asubuhi.

Lifti_Mbovu
Nakazia.

Kimya_Kingi
Mimi ni kiziwi, nasoma midomo. Semina zetu msemaji anazima taa ili slaidi zionekane, kisha anageukia ukuta. Saa nzima nasoma kisogo. Ushauri kwa wenzangu: ombeni slaidi siku moja kabla, na msiombe kwa kunyenyekea.

Mantiki_Tupu
Najua nitapigwa mawe, lakini acha niseme. Sayansi haina jinsia wala rangi, matokeo ndiyo yanaongea. Mkianza kugawana nafasi kwa vigezo vya kuzaliwa mnashusha viwango. Hayo ya cheni na taa sawa, ni usalama na ustaarabu. Hayo mengine ni manung'uniko.

Mzee_wa_Takwimu
Mkuu Mantiki, karibu kwenye matokeo basi. Mwaka 2012 jarida la PNAS lilichapisha jaribio moja: maprofesa wa sayansi wa vyuo vya Marekani walipewa ombi la kazi ya kusimamia maabara. Ombi ni lile lile, nukta kwa nukta, ila nusu limeandikwa John na nusu Jennifer. John akaonekana ana uwezo zaidi na akapangiwa mshahara mkubwa zaidi. Maprofesa wanawake nao walifanya hivyo hivyo. Viwango unavyovilinda ndivyo vilivyopimwa pale, vikakutwa vinapinda.

Mantiki_Tupu
Utafiti mmoja si msahafu.

Mzee_wa_Takwimu
Ongeza huu. Mwaka 2018 maombi ya kutumia darubini ya Hubble yalianza kusomwa bila wasomaji kujua mwombaji ni nani. Kwenye mzunguko ule wa kwanza, maombi yaliyoongozwa na wanawake yakafaulu kwa asilimia kubwa kidogo kuliko ya wanaume, baada ya miaka mingi ya kuachwa nyuma. Hakuna aliyegawiwa nafasi, jina tu lilifunikwa. Hapo kiwango kilishuka au kilipanda?

Mama_Protini
Nilikuwa napita kimya kimya, ila Mantiki umemtoa nyoka pangoni. Kaeni vizuri, ni ndefu.

Nilikuwa katikati ya shahada ya uzamivu nikapata ujauzito. Msimamizi alinipongeza mbele za watu. Tulipobaki wawili akasema, "Nilidhani wewe uko makini na kazi." Nikameza. Kabla ya kujifungua nikamkabidhi mwanafunzi mwenzangu seli zangu na madaftari yangu ya maabara, maana seli hazijui likizo ya uzazi, lazima mtu azilishe. Tuliagana vizuri kabisa.

Mtoto akiwa bado mchanga kukawa na mkutano mkubwa wa fani yetu, unarushwa mtandaoni. Nilikuwa nanyonyesha, simu nimeiegemeza kwenye mto, sauti nimeizima mtoto asiamke. Ikapita picha ya jeli, ule utando tunaotenganishia protini zikajipanga kwa mistari. Mnaofanya kazi hizi mnajua hakuna jeli mbili zinazofanana. Ile yangu ilinasa hewa wakati inaganda, kona ya chini kulia, na mstari wa mwisho ukajikunja ukawa na umbo la ndoana. Basi nikaiona ndoana yangu, kwenye skrini kubwa, mbele ya fani nzima. Waandishi: yule mwenzangu, kisha msimamizi. Mimi nilikuwa slaidi ya mwisho, kwenye shukrani, jirani na fundi wa friji. Na jina wamekosea herufi.

Likizo ilipoisha nilirudi na daftari, tarehe na sahihi zote. Msimamizi akaniambia, "Wewe hukuwepo. Anayemaliza kazi ndiye mwandishi." Nikamuuliza hiyo sheria imeandikwa wapi. Akasema naongozwa na homoni. Homoni, wakuu! Na mtu huyo anafundisha biokemia.

Nikapeleka kwa kamati ya maadili ya utafiti. Walinizungusha mpaka nikakonda. Kilichoniokoa ni kompyuta ya mashine ya kupigia picha za jeli: faili asili ilikuwepo, ina jina la aliyeingia na saa. Makala ilipotoka tuliwekwa wawili juu kwa alama ya nyota, "wamechangia sawa." Sawa na nani? Sikuridhika mpaka leo, ila nilihama maabara nikamalizia kwingine.

Darubini
Uwiii. Fundi wa friji!

Lifti_Mbovu
Taja chuo, dada.

Mama_Protini
Sitaji. Bado nahitaji barua za mapendekezo kwenye fani hii ndogo.

Mantiki_Tupu
Pole sana kwa kweli. Lakini huo ni wizi, si jinsia. Mwanaume naye angeibiwa.

Pipeti_Moja
Mwanaume naye angeambiwa ana homoni?

Nyuzi_51
Hii ni Rosalind Franklin mtupu, yule mwanasayansi wa umbo la DNA. Picha namba 51 ya mwaka 1952, ya DNA kwa eksirei, ilipigwa kwenye kazi aliyoisimamia yeye, mwenzake Wilkins akamwonyesha Watson, aliyekuwa akisaka umbo hilo hilo, bila yeye kujua, na mwaka 1962 wanaume watatu wakapanda jukwaani kuchukua Nobel. Walimnyima.

Mzee_wa_Takwimu
Hapo kwenye Nobel tuwe makini. Alifariki 1958. Nobel haipewi marehemu.

Nyuzi_51
Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipewa ya amani 1961 akiwa ameshafariki.

Mzee_wa_Takwimu
Alikuwa ameshapendekezwa kabla hajafa. Ukitaka mfano usio na utata mchukue mwanafizikia Lise Meitner, aliyeshiriki kugundua mpasuko wa nyuklia. Alikuwa hai na mzima, lakini Nobel ya kemia ya 1944 kwa mpasuko wa nyuklia akapewa Otto Hahn peke yake. Baadaye elementi namba 109 ikaitwa meitneri. Kiini cha atomu kimekuja kumtendea haki kuliko kamati.

Nyuzi_51
Kwa hiyo tunakubaliana, unataka tu kubishana.

Pipeti_Moja
Jamani, uzoefu wenu, si wa marehemu!

Daktari_Mtafiti
Haya, wangu. Nina ngozi nyeusi. Nikiwa mgeni kwenye timu ya vifaa tiba niliuliza kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kimejaribiwa kwa watu wa aina gani. Nikaambiwa mwanga ni mwanga, nisilete siasa. Mwaka 2020 jarida la tiba la New England Journal of Medicine likachapisha takwimu za hospitali za Marekani: kifaa kilipitwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Yaani kinaandika uko salama na damu inasema vingine. Kwa hiyo Mantiki, ukiniuliza mchanganyiko wa watu kwenye timu una faida gani, ni kwamba kuna maswali yasiyomjia mtu ambaye kifaa hakijawahi kumdanganya.

Mantiki_Tupu
Hii hoja nimeielewa. Zile za mwanzo bado.

Kimya_Kingi
Maendeleo.

Bibi_Kemia
Nimestaafu, niwape ushauri wa bure. Vumilieni, chukueni shahada, mkishapata ajira ya kudumu ndipo mseme.

Gurudumu
Shikamoo bibi, ila mimi cheni ya bafu nisubiri ajira ya kudumu?

Bibi_Kemia
Marahaba mwanangu. Wewe piga kelele leo.

Darubini
Wengine tusubiri kama Jocelyn Bell Burnell. Kagundua pulsa, nyota zinazotuma mapigo ya redio, 1967 akiwa mwanafunzi, Nobel ya 1974 akapewa msimamizi wake na mwenzake, yeye akaja kupata tuzo ya dola milioni 3 mwaka 2018. Na zote akazitoa zisomeshe wanafizikia kutoka makundi yasiyowakilishwa vya kutosha. Mimi hapo kwenye kuzitoa zote ningefikiria kidogo.

Lifti_Mbovu
Pipeti, wewe una silaha hujaijua. Muhtasari si unaandika wewe? Andika: "Hoja ilitolewa na Pipeti, ikarudiwa na fulani." Wausaini.

Pipeti_Moja
Nimecheka mpaka nimeulizwa nina nini. Nafanya hivyo kesho.

Mzee_wa_Takwimu
Kwa wanaoanza mradi: kubalianeni uandishi kwa maandishi kabla ya jaribio la kwanza. Kuna orodha inaitwa CRediT, ina majukumu 14, kila mmoja anaandikwa alichofanya.

Nyuzi_51
Na msimamizi akikataa kusaini?

Mama_Protini
Mwandikie barua pepe jioni ile ile: "Kama tulivyozungumza leo, mimi nitakuwa mwandishi wa kwanza wa sehemu hii." Akinyamaza, tarehe unayo. Na mashine za maabara ingieni kwa majina yenu, akaunti ya pamoja muikimbie. Natoka, namfuata mtoto shule.