Siku ya kupeleka chekechea "kitu ninachokipenda": tupeane uzoefu, wa kwako alibeba nini?

Mama Wawili: Wakuu, jana nimefua begi la binti nikakumbuka mbali. Alikuwa na miaka 4, mwalimu katutumia kikaratasi: Ijumaa kila mtoto aje na kitu anachokipenda, asimame mbele, awaeleze wenzake. Nikampakia kidoli kipya. Naenda kumchukua, mwalimu anajikaza asicheke. Kidoli hakikutoka begini. Mwenzenu katoa mfukoni soksi moja ya baba yake, ina tundu kisiginoni, kaishika juu: "Hii inanuka baba." Baba yake yuko safarini mwezi wa pili huo. Nikacheka hadi getini, nyumbani nikalia.

Ngojangoja: Afadhali soksi. Wangu jiwe. La njiani.

Kimyakimya: Wa kwangu alisimama na gari lake, akasema "langu," akakaa. Maelezo yameisha.

Mzee wa Kazi: Meno bandia ya bibi yake. Bibi kashinda njaa siku nzima.

Sina Haya: Nyie mnacheka, mimi siku hiyo siisahau. Mwanangu, miaka 3 na nusu, alipeleka kitochi chake cha kuning'iniza kwenye funguo. Kikapita mkono kwa mkono. Kiliporudi kwa mwalimu kifuniko cha nyuma hakipo, na betri haipo, zile bapa kama kifungo cha shati. Wakapekua zulia, viatu, mifuko. Ndipo mwalimu akamwona mtoto mmoja wa kike pembeni anatokwa udenda, maji hataki. Hakungoja, akambeba mbio hospitali. Picha ikaonyesha duara jeupe limekwama kooni. Daktari akasema ile haingoji, ndani ya saa 2 inaweza kuwa imeunguza koo. Wakaitoa, mtoto akapona. Mama yake hadi leo hapokei salamu yangu.

Mama Wawili: Jamani! Mwili umenisisimka.

Ngojangoja: Na ana haki asipokee. Unampaje mtoto wa umri huo kitu cha betri?

Sina Haya: Kifuniko kilikuwa kimekaza, nilikikagua mwenyewe. Usinihukumu, hukuwepo.

Mzee wa Kazi: Kosa la mwalimu. Watoto ishirini, vitu ishirini, macho mawili.

Kimyakimya: Mwalimu huyohuyo ndiye aliyegundua, mkuu. Mpe haki yake.

Ngojangoja: Angemtapisha palepale tu.

Kimyakimya: Wee! Betri hatapishwi mtu, itaunguza tena ikipanda. Ni hospitali moja kwa moja.

Bado Mdogo: Mimi sina mtoto, nasoma tu. Ila si mpeleke picha ya hicho kitu, yaishe?

Mama Wawili: Picha hainusiki, mdogo wangu.

Mzee wa Kazi: Ushauri wangu: mchagulie wewe, usiku, begi lifungwe.

Ngojangoja: Nani kakwambia wanatoa vya begini? Soksi imetoka mfukoni. Kagueni mifuko. Na kisiwe kile analalia nacho, kikipotea hamlali nyumba nzima.

Sina Haya: Na vifuniko vya betri, vile vya skrubu. Nimemaliza.

Bado Mdogo: Mama Wawili, baba alirudi?

Mama Wawili: Alirudi. Akaitafuta soksi yake wiki nzima, binti kanyamaza kimya.

Kimyakimya: Ngojangoja, na lile jiwe?

Ngojangoja: Liko dirishani. Ole wako uliguse.