Tupeane uzoefu: kubadili modi ya hadi diski kwenye baosi (IDE, AHCI, RAID)

Zabibu_Kavu: Wakuu habari za jioni. Leo nimehamishia Windows 7 yangu kwenye SSD (diski isiyozunguka), desktopu ya nyumbani hapa Nkuhungu, nikaingia baosi (mipangilio ya kabla Windows haijawaka) nikakuta modi ya diski iko IDE ya zamani, nikaipeleka AHCI, ile mpya zaidi, nikasevu. Nembo inatokea kidogo halafu skrini ya bluu, 0x0000007B, inajizima inawaka inajizima. Nimeirudisha IDE imewaka kama kawaida. Nani yamemkuta?

Fundi_Majengo: Hiyo 7B maana yake Windows imekosa draiva, yaani programu ya kuisomea diski. Wakati wa kuinstoo ilikuta IDE, ya AHCI ikaachwa imelala. Washa kwenye IDE, ingia regedit (rejista ya Windows), upande wa Services tafuta msahci, ndo draiva ya AHCI, ile Start itakuwa 3, weka 0. Zima, ndo ubadili baosi.

Kisasa_Kwetu: Piga Windows upya uwe na amani, rejista siyo ya kuchokonoa.

Fundi_Majengo: Upya kwa namba moja tu? Mtu ana kazi zake mle ndani mkuu, usimtese.

Kisasa_Kwetu: Na faida yenyewe ni ipi, kwenye hadi diski ya kuzunguka hutaona tofauti.

Fundi_Majengo: Kasema SSD, soma vizuri. AHCI inapanga maombi mpaka 32 kwa foleni, SSD inafaidi sana hapo.

Mama_Ngongona: Mmenikumbusha kitu kinaniuma mpaka leo. Kompyuta yetu ya nyumbani mume wangu aliunganisha diski mbili za GB 500 kwa RAID 0 zionekane moja, humo nilikuwa nimeweka sauti za bibi yangu wa Mvumi akisimulia kwa Kigogo, nyimbo za kutwanga, majina ya ukoo, karibu saa sita nzima na bibi keshafariki. Umeme ukawa unakatika kila jioni, na kumbe betri ya baosi ilishakufa, siku hiyo umeme unarudi saa na tarehe vimerudi nyuma miaka na modi imejirudisha AHCI yenyewe. Haiwaki. Mume kasafiri Singida, nikaita fundi, akachomeka diski zote kwenye mashine yake zikaonekana mbili tofauti, ikamwuliza kama aziandae upya akabonyeza ndiyo, akaformati, akaniwekea Windows safi na kunikabidhi anatabasamu. Nikafungua folda ya bibi, hakuna folda.

Bahi_Road: Duh. Pole sana dada.

Kondoa_Kaskazini: Pole mama. Inauma zaidi kwa sababu ilikuwa kubadili betri na kurudisha RAID tu, diski zingeungana zenyewe.

Mama_Ngongona: Ndivyo mume wangu alivyosema aliporudi. Alikaa chini sakafuni.

Bahi_Road: Betri ni CR2032, ile bapa kama sarafu, wauza saa wanayo. Mashine ikianza kupoteza tarehe badili siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Ekspi: Sisi wa XP wakati wa kuinstoo tulibonyeza F6 na draiva ziko kwenye flopi, vijana mnadeka.

Kondoa_Kaskazini: Wa Windows 10 njia rahisi: msconfig, Boot, tiki Safe boot, ristati moja kwa moja mpaka baosi, badili, ikiwaka toa tiki. Pasiwedi uijue kwa kichwa maana PIN inaweza kugoma humo.

Ipagala_Juu: Na BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, muisitishe kwanza!! Mimi niliombwa tarakimu 48 za kuifungulia saa tano usiku, nimezipata kesho yake kwenye akaunti ya Microsoft.

Kisasa_Kwetu: Laptopu za Intel kizazi cha 11 nazo, diski haionekani kabisa wakati wa kuinstoo, ni VMD, modi ya Intel ya kusimamia diski. Izime kwenye baosi au pakia draiva yake.

Zabibu_Kavu: Fundi, msahci nimeweka 0, imewaka AHCI, imejiwekea draiva na kuomba ristati. Asante sana. Mama Ngongona, hizo diski bado unazo?

Mama_Ngongona: Zipo kabatini kwenye boksi la viatu. Mume kaziandika kwa maka peni, 1 na 2.

Kondoa_Kaskazini: Usizichomeke popote mama. Nakuja inbox.