Ulinganisho: antena ipi ya kuvutia Wi-Fi ya kambi kwenye karavani, Kigamboni na Kunduchi?

TrelaLaPwani

Wakuu, salaam. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoifahamu kazi hii. Karavani ni ya futi 18, ukuta wa bati la alumini, inaegeshwa kwenye kambi za ufukweni Kigamboni na mara nyingine Kunduchi. AP ya kambi (kifaa kinachorusha Wi-Fi) kwa kawaida iko mapokezi au baa, mita 100 hadi 200 kutoka maegesho, katikati kuna minazi na mabanda ya makuti. Watumiaji: kompyuta mpakato mbili, simu mbili. Umeme ni betri moja ya 12V, 100Ah, pamoja na sola.

Machaguo niliyonayo:

1. Adapta ya USB yenye antena yake, inachomekwa kwenye kompyuta
2. Antena ya pande zote ya dBi 8 (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi) juu ya paa, kebo inashuka hadi kwenye ruta ndani
3. CPE ya nje ya bapa (redio na antena yake kwenye kasha moja), mfano TP-Link CPE210 au NanoStation, juu ya bomba
4. Antena ya wavu ya dBi 24

Bajeti ipo, ila sitaki kununua mara mbili.

---

FundiMasafa

Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi, chukua simu nenda hadi chini ya AP yenyewe upime kasi pale. Pima asubuhi, kisha rudia saa mbili usiku wageni wakiwa wamejaa. Kama chini ya AP unapata Mbps 2, antena yoyote utakayofunga itakuletea hizo hizo 2. Antena inatengeneza njia kati ya trela lako na AP tu. Intaneti inayoingia kambini ni ya mwenye kambi, huwezi kuiongeza ukiwa juu ya paa lako.

Ikionekana chini ya AP kuna kasi nzuri, weka kwenye simu ya Android programu ya kupima Wi-Fi, simama nje ya karavani mahali bomba litakaposimama, uandike nguvu ya mawimbi kwa dBm (namba hasi, ikikaribia sifuri ndiyo nzuri), chaneli, na kama ni 2.4 au 5 GHz. Ikisoma -60 ni safi, -70 inafanya kazi, -80 inakatika-katika, -90 hakuna kitu.

Sasa hesabu ya kwako. AP nyingi hurusha kama dBm 20 ukijumlisha antena yake. Kwa mita 150 kwenye 2.4 GHz, umbali peke yake unakula dB 84, kinachobaki ni -64. Toa 8 hivi kwa minazi na makuti, inakuwa -72. Bati la alumini linakula 15 hadi 20 nyingine, ndiyo maana simu ikiwa ndani inahangaika kwenye -90. CPE ya dBi 9 ikiwa nje juu ya bomba inasoma -72 jumlisha 9, yaani -63. Sehemu kubwa ya faida hiyo imetokana na kuikwepa alumini, dBi zimemalizia tu.

Kwa mahitaji yako jibu ni namba 3. Redio na antena viko kwenye kasha moja, kwa hiyo hakuna kebo ya antena ya kupoteza mawimbi. Kinachoshuka ni waya wa mtandao wa kawaida ambao hata mita 20 haupotezi kitu. CPE210 na NanoStation zina mikondo miwili ya antena, mmoja wima na mwingine mlalo, hivyo huna wasiwasi AP imelazwa vipi. Ndani unaweka ruta ndogo ya kugawa Wi-Fi kwa wote wanne.

Namba 1 inahudumia kompyuta moja tu, na waya wa USB 2.0 ukizidi mita 5 unaleta matatizo. Namba 4 iache. Wavu wa dBi 24 una mwale mwembamba, kama digrii 10, na karavani hutikisika kila mtu anapotembea ndani. Utalenga asubuhi, jioni umepotea. Ule ni wa kuunganisha majengo yaliyo kilomita kadhaa mbali, kwenye mnara usiotikisika.

---

KebloKariakoo

Naongezea kwenye namba 2, maana wengi huipenda kwa sababu inaonekana rahisi. Tatizo lake ni kebo. RG58 ile nyembamba inayouzwa sana inapoteza karibu dB 1 kwa kila mita kwenye 2.4 GHz. Mita 10 zimekula dB 10, antena yako ilikupa 8. Umelipia vitu viwili ukaishia chini ya sifuri.

Ukilazimika kutumia kebo, chukua ya aina ya LMR-400, inapoteza kama dB 2.2 kwa mita 10. Ila bandia ni nyingi, kwa hiyo nenda dukani na kalipa: kipenyo cha nje kiwe milimita 10.3 hivi, na ukikata ncha uone karatasi ya alumini imezunguka chini ya wavu wa shaba. Ikiwa na wavu mwepesi tu bila karatasi, irudishe. Kebo ya ving'amuzi usiitumie, ile ni ohm 75 na vifaa vya Wi-Fi ni ohm 50.

Angalia konekta pia. Ruta nyingi za Wi-Fi zina RP-SMA, antena za 4G zina SMA. Kwa nje zinafanana kabisa na nyuzi zinaingia, lakini katikati hapaunganiki sawasawa, pini inakutana na pini au tundu na tundu. Mtu anafunga, anaona mawimbi yamekuwa mabaya kuliko mwanzo, analaumu antena. Chungulia ndani ya konekta kabla ya kulipa: pande mbili zinazokutana, moja iwe na pini, nyingine iwe na tundu.

---

Dada_Mawimbi

Nakubaliana na FundiMasafa kwa anayeegesha wiki mbili sehemu moja. Lakini kwa anayehama kila baada ya siku mbili, antena ya pande zote ina nafasi yake, na shida ya kebo inaondoka ukitumia redio inayofungwa moja kwa moja kwenye shina la antena, kama MikroTik Groove. Kinachoshuka ni waya wa mtandao tu, na hulengi popote.

Gharama zake ni hizi. Groove ina mkondo mmoja, kwa hiyo kwenye chaneli ya MHz 20 kiwango cha juu ni Mbps 72, wakati CPE yenye mikondo miwili inafika 144. Na antena ya pande zote inasikia kila kitu: AP ya kambi, ruta ya baa ya jirani, simu za wageni wote. Ni kama kandili na tochi. Kandili linamulika banda zima, tochi inamulika unapotaka. Kunduchi, hoteli zimebanana, kelele ya 2.4 GHz ni kubwa na hapo bapa linashinda kwa mbali, kwa sababu linaziba masikio kwa yaliyo nyuma yake.

Jambo moja watu hawaambiwi madukani: antena ya pande zote yenye dBi kubwa siyo bora kila mahali. Hizo dBi zinapatikana kwa kubana mwale uwe bapa. Ya dBi 5 ina mwale mnene, ya dBi 8 ni kama digrii 15 kwa wima, ya dBi 12 ni kama digrii 7. AP ikiwa juu ya ghorofa na wewe uko karibu chini yake, mwale wa dBi 12 unapita chini ya AP. Kwa kambini dBi 5 hadi 8 inatosha.

---

TrelaLaPwani

Nashukuru sana, dada na wakuu. Naelekea kwenye CPE. Maswali mawili: itakula betri kiasi gani, na ukurasa wa kambi wa kuingiza namba ya vocha ya Wi-Fi utafungukaje kama anayejiunga ni CPE na siyo simu? Na je, ninunue ya 5 GHz badala ya 2.4?

---

FundiMasafa

Naanza na hilo la mwisho. Kwenye mita 150, 5 GHz inapoteza dB 7 hivi zaidi ya 2.4, na majani mabichi yanaizuia zaidi. Lakini haina msongamano, na CPE510, ambayo ni ya 5 GHz, ina dBi 13 dhidi ya 9 za CPE210, kwa hiyo sehemu ya hasara inarudi. Kanuni ninayoishauri: kama simu ikiwa nje inasoma 5 GHz ya kambi kwa -75 au bora, na unaiona AP kwa macho, chukua ya 5. Kama kuna safu ya minazi mifupi katikati, baki na 2.4.

Urefu wa bomba nao una ujanja. Watu wanadhani juu zaidi ni bora siku zote. Kwenye minazi mirefu, chini ni mashina tu na juu ndiko kuna majani. Mita 3 hadi 4 kutoka ardhini unapita juu ya magari na mahema, chini ya majani. Kwenye minazi mifupi ya kisasa mambo yanageuka, majani yapo usawa wa paa lako, na hapo kusogeza trela mita tatu kando kunasaidia kuliko kununua antena nyingine. Mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba kama uzi: kwa mita 200 kwenye 2.4 GHz, yanahitaji nafasi ya kama mita 2.5 kuzunguka mstari huo katikati ya safari, na angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo iwe wazi. Mvua ikinyesha majani yanabeba maji na unapoteza dB kadhaa, kwa hiyo usiridhike CPE ikisoma -75 siku ya jua. Tafuta -65 ili Masika isikutoe.

Kulenga: washa CPE, fungua ukurasa wake wenye kipimo cha mawimbi, geuza bomba digrii 5, ngoja sekunde 10, soma, geuza tena. Usigeuze haraka kwa sababu namba inachelewa. Ukipata kilele, endelea hadi ishuke, kisha rudi katikati.

Na kwenye mipangilio, nchi iwe Tanzania. Kifaa kinapunguza nguvu ya kurusha kulingana na antena, na hupotezi chochote upande wa kupokea. Kupaza sauti hakusaidii ikiwa AP yenyewe huisikii.

---

SolaNaBetri

Nachukua la umeme. CPE pamoja na ruta ndogo ya ndani weka wastani wa wati 8. Kwa saa 24 ni Wh 192, gawa kwa 12 ni Ah 16 kwa siku. Betri ya asidi ya 100Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo bila jua unapata siku tatu kama hakuna kitu kingine kinachokula. Ukizima usiku unapolala unaokoa theluthi nzima.

Usitumie inveta kwa kazi hii, inveta yenyewe inakula hata ikiwa haina mzigo. CPE nyingi za aina hii zinatumia PoE (umeme) ya volti 24 inayopita moja kwa moja kwenye waya wa mtandao: nyaya 4 na 5 chanya, 7 na 8 hasi. Nunua kipandisha volti cha 12 kwenda 24, cha ampea 1 au zaidi, ukiunganishe na kichomekeo cha PoE, na uweke fyuzi ya ampea 2 karibu na betri. Pima kwa mita volti na nyaya kabla ya kuchomeka kifaa. Na usichomeke kamwe kwenye swichi inayotoa volti 48 bila kwanza kutambua kifaa kilichochomekwa, CPE ya volti 24 inaungua hapo hapo.

---

Dada_Mawimbi

La vocha. Weka CPE kwenye modi ya WISP, menyu nyingine huiita ruta ya mteja. Hapo kambi inaona kifaa kimoja tu, CPE. Ukifungua ukurasa wa vocha kwenye simu moja iliyo ndani ya mtandao wako na kuingiza namba, wote wamefunguliwa. Ongea na mapokezi kwanza kama vocha inauzwa kwa kila kifaa. Waambie wazi unavyotumia, wengi watakuuzia ya siku nyingi.

Ukurasa usipofunguka, mara nyingi ni mambo matatu. La kwanza ni anwani kugongana: kambi inatumia 192.168.0.1 na kifaa chako nacho hivyo hivyo. Badilisha yako iwe 192.168.77.1 na utasahau tatizo hili. La pili, simu ina VPN au DNS binafsi imewashwa, izime hadi umalize kuingia. La tatu, unafungua tovuti ya https ambayo haiwezi kuelekezwa kwenye ukurasa wa vocha. Andika anwani ya ruta ya kambi unayoiona kwenye hali ya CPE.

Ruta ya ndani irushe kwenye chaneli tofauti na ya kambi. Kambi ikiwa chaneli 1, wewe tumia 11, au 5 GHz ndani. Na punguza nguvu yake hadi ya chini, karavani ya futi 18 haihitaji zaidi, na majirani wa hema watakushukuru.

---

KebloKariakoo

Bado chumvi. Ufukweni Kigamboni ndiyo inayoua vifaa kabla ya mvua. Bomba liwe la GI (chuma kilichopakwa zinki), vibano na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu. Konekta ya nje izungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta hadi inyooke, kisha juu yake tepu ya umeme kuzuia jua. Kwenye mlango wa waya wa CPE, waya uingie kutoka chini na ufanye kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondokee hapo. Tundu la ukuta lizibe kwa silikoni isiyo na harufu. Ile inayonuka siki inatoa asidi inayokula shaba na alumini.

Waya uwe wa nje, mweusi, wa shaba halisi. Ule wa alumini iliyopakwa shaba unapoteza volti na unakatika ukikunjwa kila unapohama.

Kusi ikivuma, bomba la mita 3 lisilofungwa juu na chini litageuza CPE kidogo kidogo. Tumia vibano viwili, vikiachana angalau nusu mita, na chora alama ya rangi kwenye bomba na kibano. Ukiona alama zimeachana, unajua kwa nini mawimbi yameshuka. Radi zikianza, chomoa waya wa PoE upande wa ndani na ulaze bomba.