Ndege wahamiaji Central Park mwishoni mwa Agosti: siku gani, wapi, na nitawatambuaje?

mgeni_wa_ndege
Wakuu, habari za leo. Nitakuwa New York kuanzia Agosti 24 hadi Septemba 20, na asubuhi zangu ni huru. Ndege wa Afrika Mashariki nawafahamu kiasi, ila wa huko ni wageni kabisa kwangu. Naelewa kwamba Agosti safari ya kusini imeshaanza, lakini kila ninayemuuliza anasema ndani ya Ramble (ule msitu mdogo wa Central Park) ni kimya, majani tele, hakuna kitu. Naomba kujua siku zipi zinafaa, sehemu gani ya bustani, na wale wadogo wa jamii ya Parulidae (wabla) wanatenganishwaje wakiwa wamekwisha kuvua rangi zao za kuzaliana za Mei. Na mbayuwayu wanaoruka juu ya maji pale, ndio hao hao wanaofika kwetu Oktoba? Darubini ninayo, 8x42.

Pepo_za_Kaskazi
Mkuu, usipange kwa kalenda, panga kwa upepo. Hawa wadogo karibu wote husafiri usiku, na kunapopambazuka hushuka popote penye miti. Manhattan miti mingi iko Central Park, hekta 341 zilizozungukwa na maghorofa, ndiyo maana hujazana ndani.

Mwishoni mwa Agosti joto na upepo wa kusini huweza kukaa siku nne tano mfululizo. Ndege hawapendi kupigana na upepo wa usoni, hubaki walipo huko juu kaskazini, na anayekwenda siku hizo ndiye anayerudi na habari za kimya. Kisha inaingia hewa ya baridi kutoka Kanada: mvua ya radi, upepo unageuka kuwa wa kaskazini-magharibi, jasho linakauka mwilini. Usiku wa kwanza baada ya mgeuko huo ndio wanaoondoka kwa wingi. Asubuhi inayofuata uwe umeshafika, na ya pili yake nayo usiiache.

Kila jioni fungua BirdCast ya Cornell Lab of Ornithology. Inatumia rada za hali ya hewa kukadiria ndege walioko angani, na unaweza kuangalia kaunti yako peke yake badala ya ramani ya nchi nzima. Ila isome kwa akili: wengi angani si lazima wawe wengi chini. Anga likiwa safi na upepo uko mgongoni, wengi hupitiliza. Wakishakuwa hewani kisha mvua nyepesi au ukungu ukawakuta usiku wa manane, hapo hulazimika kushuka. Asubuhi yenye manyunyu baada ya usiku wa namna hiyo ni ya thamani kubwa, na watu wengi huipoteza kwa kuogopa kulowa.

Saa, kwa Kiswahili: bustani hufunguliwa saa 12 asubuhi, jua huchomoza kama saa 12:15 unapofika na saa 12:40 unapoondoka. Kipindi kizuri ni saa 1 hadi saa 3:30. Usianzie katikati ya Ramble, chini ya miti bado kuna giza. Anzia kingo zinazopigwa na jua kwanza, maana wadudu wakipata joto ndipo wanapoanza kuruka, na ndege huwafuata.

Bi_Kijito
Kimya hicho kina sababu. Mei madume huimba kutafuta majike. Agosti wanakula tu ili wajaze mafuta, na unachosikia ni "chip" mojamoja. Kwa hiyo programu ya Merlin ya kutambua sauti isikuongoze, itakosa wengi na wengine itawabahatisha. Na tafadhali usiwachezee sauti kwenye simu. Ndege aliyeruka usiku kucha anatakiwa ale, si kumfukuzia mpinzani ambaye hayupo.

Tafuta maji na chakula, halafu simama. Dakika kumi na tano bila kusogea, mgongo ukiwa upande wa jua. Anayetembea tembea huona mikia tu.

Ndani ya Ramble nenda Azalea Pond na kijito cha Gill kinachopita hapo, kisha kiwanja cha Tupelo, penye mti mkubwa wa Nyssa sylvatica. Matunda yake yakiiva Septemba huwaleta wakesha (ndege wa jamii ya Turdidae) na wala matunda wengine. Miti ya Prunus serotina (cheri mwitu) nayo usiipite bila kuinua darubini. Magharibi, karibu na Mtaa wa 82, kuna Tanner's Spring, kidimbwi kidogo sana ambacho siku ya joto huleta ndege kunywa na kuoga mbele ya macho yako. Hapo uvumilivu unalipa kuliko mahali pengine popote bustanini.

Penye unyevu tafuta Impatiens capensis, ua la rangi ya chungwa lenye madoa mekundu, wa ukoo mmoja na Impatiens za misitu ya Usambara. Huchanua wakati huo huo ndege mvumaji Archilochus colubris anapopita. Ana gramu 3 hivi. Aliyezoea ndege chozi wa kwetu asitarajie atue juu ya ua: huyu hunyonya akiwa ananing'inia hewani, na kati ya ua na ua hupumzika kwenye kijiti kikavu. Kiweke kijiti hicho machoni, atarudi.

Ukichoshwa na watu, shuka treni ya B au C Mtaa wa 103 (wikendi B haifanyi kazi, panda C), ingia bustanini penye bwawa la Pool, fuata maji chini ya daraja la Glen Span Arch hadi kijito cha Loch. Na usiogope kupotea sehemu ya kusini ya bustani: kila nguzo ya taa ina namba, tarakimu mbili za mwanzo ni mtaa ulio karibu, na namba ikiishia na witiri uko upande wa magharibi, shufwa ni mashariki.

Kozi_Mjini
Kuhusu wabla, rangi iweke mwisho. Anza na mahali alipo, mwendo, mkia na miguu.

Anayetambaa juu ya gome, milia myeusi na myeupe: Mniotilta varia. Anayetembea kwenye matope huku akitikisa kiuno bila kukoma: Parkesia noveboracensis. Anayetembea kwenye majani makavu, duara jeupe jichoni na mstari wa chungwa utosini: Seiurus aurocapilla. Anayefungua na kufunga mkia ovyo, mabaka ya manjano pande zote mbili za mkia huo: jike au kijana wa Setophaga ruticilla, ambaye utamwona kila siku nzuri. Ukimwona ndege kutoka chini, mkia mweupe wenye nusu ya mwisho nyeusi, ni Setophaga magnolia. Cardellina canadensis, kijivu juu na manjano chini, hukaa vichakani na huondoka mapema. Mtafute wiki yako ya kwanza, usimwekee Septemba 15.

Wanaotesa watu ni Setophaga striata na S. castanea. Wote kijani cha zeituni na mistari miwili myeupe bawani. Striata ana michirizi hafifu kifuani na nyayo za manjano. Castanea hana michirizi, miguu ni ya giza, na ubavuni na chini ya mkia ana rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Striata hufika zaidi Septemba, na anastahili heshima yako: ana gramu 12 hivi, na utafiti wa 2015 ulithibitisha kwamba huvuka Atlantiki kwa siku 2 hadi 3 bila kutua, zaidi ya kilomita 2,200.

Wale Empidonax (si wabla, ni wadogo wakamata wadudu wanaofanana mno) wakinyamaza, andika Empidonax basi. Kulazimisha jina kunaharibu rekodi za wote.

mgeni_wa_ndege
Shukrani sana, dada na kaka zangu. Je, mchana na jioni hakuna kitu? Na mbayuwayu?

Pepo_za_Kaskazi
Jioni kuna kirukanjia, Chordeiles minor. Mwisho wa Agosti hadi siku za kwanza za Septemba, kaa kwenye viwanja vya nyasi vya Great Lawn au Sheep Meadow saa 11 hadi jua lizame, kama saa 1:30. Tafuta mabawa marefu, mruko wa kuyumba, na mkanda mweupe karibu na ncha ya bawa. Teleka wa pale, Chaetura pelagica, ni mdogo zaidi na hana mkanda.

Mchana ni wa mwewe. Buteo platypterus hupita kwa makundi katikati ya Septemba, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, maana husubiri hewa ya moto inayopanda. Panda Summit Rock, utazame kwenye kingo za mawingu. Kwenye buluu tupu jicho halina pa kushika.

Mbayuwayu wa Reservoir (lile ziwa kubwa la bustani) ni Hirundo rustica, spishi ile ile, lakini si hao wanaokuja kwetu. Wa Amerika huenda Amerika ya Kati na ya Kusini. Watazame tumbo: ni la rangi ya kutu, na mkanda wa kifuani umekatika katikati. Wanaofika kwetu kutoka Ulaya wana tumbo jeupe na mkanda kamili. Anayetoka Amerika kweli akafika Kenya na Uganda ni Oenanthe oenanthe wa Alaska, tena kwa kupitia Asia, kama kilomita 14,500. Huyo New York haimhusu.

Bi_Kijito
Nyongeza moja. Utakutana na ndege aliyejigonga kwenye kioo, hasa asubuhi chini ya majengo yanayopakana na bustani. Usimpe maji wala chakula. Mweke kwenye mfuko wa karatasi wenye kitambaa chini, ukunje mdomo wa mfuko, usimfungulie kumtazama, umpeleke Wild Bird Fund, Columbus Avenue. Hata akionekana mzima, mpeleke. Uvimbe wa kichwani hauonekani kwa macho.