Nimepewa Ensoniq ASR-10 ya ba'mdogo, flopi hazisomi. Nitengeneze au niuze?

mtoto_wa_tandika:
Habari za muda huu wakuu, naomba mnivumilie maana ni kirefu kidogo. Ba'mdogo wangu alikaa sana Marekani, Philadelphia huko, na aliporudi alishusha kontena, ndani friji, matairi na kinanda kimoja kizito balaa ambacho tangu nipo darasa la sita nakionaga stoo kimefunikwa kanga na juu yake ndoo za rangi. Juzi kaniita akasema wewe si ndo unajifanya prodyuza, haya chukua. Tulikibeba wawili mpaka kwenye bajaji na bado kilichungulia nje njia nzima.

Ni Ensoniq ASR-10, sampla, yaani kinanda cha kurekodi mlio halafu unaupiga kwa noti. Nimekichomeka (kwa transfoma, nyuma kimeandikwa volti 120, namshukuru Mungu nilisoma kabla), kioo kikawaka ile rangi ya kijani imechanganyika na bluu, halafu kinadai flopi (zile diski bapa za zamani za kuhifadhia). Flopi zipo, boksi zima la viatu, kama 40 hivi, zina mwandiko wa ba'mdogo, "besi 2", "ngoma za kwaya", moja imeandikwa "USIFUTE" tu basi. Ukiingiza kinaguna grrk grrk kisha kinagoma. Na bila flopi hakitoi hata noti moja, yaani ni meza tu yenye taa.

Jamaa wa Kariakoo kanipa ofa ya laki tatu hivihivi kilivyo. Mimi nina laptop na FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, inanitosha. Swali langu, nihangaike nacho au nichukue hela? Na hivi hiki kitu kinafanya nini ambacho laptop haiwezi? Natanguliza shukrani.

biti_za_bure:
Uza mkuu mbona swali rahisi. Hiyo ilitoka 1992, kiwandani ilikuwa na memori ya MB 2, picha moja uliyopiga na simu yako hapo saizi haiingii humo. Ukijaza mpaka mwisho ni MB 16. Kumi na sita! Watu wanapenda tu kupiga picha na vitu vya zamani studio ionekane kali. Laki tatu unapata maiki nzuri ya kuanzia.

fundi_wa_majengo:
Kijana wa Tandika nisikize kwanza kabla ya huyo wa hela. USITIE FLOPI NYINGINE HUMO. Hata moja. Sisi huku Mombasa na nyinyi Dar hali ni moja, unyevu, na flopi ikilala stoo miaka inaota ukungu. Chukua moja, sukuma kile kibati cha pembeni, tazama ule utando mweusi chini ya taa huku unauzungusha na kidole pale katikati. Ukiona madoa meupemeupe kama ya unga, hiyo ina ukungu, na ukishaitia mashineni ukungu unaganda kwenye kichwa cha kusomea, kisha kile kichwa kinaikwaruza flopi inayofuata na inayofuata. Ule mgurumo wako wa grrk yawezekana ndio hadithi yenyewe hiyo, na boksi lote la mzee utalimaliza mchana mmoja.

Kwanza safisha kichwa. Pamba ya kijiti na spiriti ile safi ya duka la dawa, si pafyumu, si petroli (nimeona kwa macho yangu mtu akitumia petroli). Pili, hizo flopi zinakiliwe kabla ya jambo lolote. Hapo kuna mtego, usinunue ile draiva ya flopi (kisomeo chake) ya USB, haitasoma kitu. Ensoniq walipanga diski kwa namna yao, sekta 20 kwa kila duru ndio flopi moja inafika MB 1.6 badala ya 1.44 ya kompyuta, sasa draiva ya USB inajua mpango wa kompyuta peke yake. Kuna kibao kidogo kinaitwa Greaseweazle, unakiunga na draiva ya flopi ya kawaida ya zamani, kinasoma karibu diski yoyote bila kujali ni ya nani.

Ukishapata nakala, toa draiva yake weka Gotek. Ni kiboksi saizi ileile, kinapokea flashi, kinanda kinadhani ni flopi. Weka programu ya FlashFloppy ndani yake na kwenye faili la mipangilio kuna mstari wa kuiambia mwenyeji wako (host), yaani mashine iliyomo, ni ensoniq, usiposema hapo utakuja hapa kulia tena.

Na kitu cha mwisho, UPS, ile betri ya akiba ya umeme. Narudia UPS. Mimi nilikuwa na kaka yake huyo, EPS-16 Plus ya 1990, nikipigia bendi kwenye hoteli moja ya pwani. Kila kitu kinakaa kwenye memori ya muda, umeme ukienda hata kwa kupepesa jicho basi amesahau mpaka jina lake. Usiku mmoja ukumbi umejaa, umeme ukakatika, jenereta likashika, taa zote zimerudi, mpiga gitaa yuko tayari, mpiga ngoma yuko tayari, mimi natafuta flopi ya mfumo (yenye programu ya kukiamshia kinanda) gizani chini ya stendi. Naitia, inasoma polepole kama mtoto wa chekechea. Kisha flopi ya sauti. Mwimbaji wetu akawasalimia wageni kwa lugha nne, akawauliza wanatoka wapi mmoja mmoja. Tangu siku ile flopi ya mfumo ilikaa mfukoni mwa shati langu.

biti_za_bure:
😂😂 fundi umenithibitishia mwenyewe. Uza.

shangazi_ohio:
Mwanangu usiuze kwa laki tatu, huku nilipo ASR-10 nzima inapita dola elfu moja, huyo wa Kariakoo anajua anachofanya.

Nina yangu tangu 1997, niliinunua mtumba Columbus kwa hela ya ovataimu, mume wangu (sasa wa zamani) alininunia wiki nzima. Na kwa kuwa umesema ba'mdogo alikaa Philadelphia, Ensoniq wenyewe walikuwa Malvern, Pennsylvania, pua na mdomo na Philadelphia, kwa hiyo kinanda chako kilifika Tandika na mtu wa kwao. Mmoja wa waanzilishi, Bob Yannes, ndo aliyebuni chipu ya sauti ya kompyuta ya Commodore 64. Kampuni ilinunuliwa na Creative 1998, mambo yakaishia hapo, vipuri vipya usitegemee.

Umeuliza kinafanya nini laptop haiwezi. Ukihesabu vitu, hakuna, biti_za_bure hajakosea. Lakini kaa nacho jioni moja. Ukirekodi kwa 44.1 kHz, ubora wa CD, sekunde moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) inakula kama KB 88, ndo MB 2 zinakupa sekunde 23 na kitu, stereo gawa kwa mbili. Ukijaza 16 unafika dakika tatu na kidogo. Sasa ukiwa na sekunde 23 za biti nzima, ngoma, besi, kila kitu, hutarekodi ovyo. Unasikiliza ule mlio mara kumi unajiuliza nauhitaji wote au naanzia pale kijiti kinapogusa ngozi. Mimi kwenye laptop nina mafaili ya ngoma elfu na zaidi na sijawahi kuyasikiliza yote, kwenye ASR nina kiki (ngoma ya mguu) nne na kila moja naijua tabia yake.

Ujanja wa enzi zile, sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa dakika tunaizungusha kwa 45, inakimbia mara 1.35, sekunde 10 zinaingia kwenye 7 na nusu, ukisharekodi unapiga nusutoni tano chini inarudi ilipokuwa. Umeokoa memori, na sauti inarudi imechubuka kidogo, nzito, kama mtu katoka kulala. Ule mchubuko ndo watu wanaununulia plagini (programu za kuongeza kwenye laptop) leo! Maprodyuza wa hip hop, RZA wa Wu-Tang na Kanye West, wote wamepita kwenye hizi mashine, siyo kwamba hawakuwa na hela za kitu kingine.

Na vitu viwili kakague leo leo. Juu ya yale magurudumu ya kushoto kuna vitufe viwili, shikilia kimoja au vyote wakati unapiga, sauti inabadilika hapohapo mkononi kama aliyeitengeneza alipanga hivyo. Halafu piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja), kisha kandamiza kidole kimoja tu zaidi. Kila noti inasikia uzito wake peke yake, unaweza kuipandisha moja ikatetemeka na nyingine zimetulia. Vinanda vingi vya leo vya bei ya kawaida havina hiyo, wanapima noti zote kwa pamoja.

Memori ukitaka kuongeza ni zile SIMM (vibao vya memori) za pini 30 za kompyuta za miaka ileile, nne za MB 4 ndo zinafika 16. Tafuta kwa wanaovunja kompyuta za zamani.

mtoto_wa_tandika:
Shikamoo shangazi, shikamoo fundi. Narudi na ripoti, wiki tatu zimepita samahani nilikimbizana na maisha.

Nimefungua. Ndani kulikuwa na vumbi la kulima mchicha na mende mmoja marehemu. Nimesafisha kichwa kama fundi alivyosema, pamba ilitoka ya kahawia. Flopi 40 nimekagua moja moja, 11 zina ukungu nimezitenga kwenye mfuko, zilizobaki, rafiki yangu wa chuo kanikopesha Greaseweazle tumevuta nakala usiku mzima, tatu tu ndo zimegoma. USIFUTE imesoma!!

Gotek bado haijafika kwa hiyo nimewasha na flopi ya mfumo halisi. Kikaandika kinapima noti, usiguse, mimi nikarudi nyuma mikono juu kabisa kama nimekamatwa. Kikafunguka. USIFUTE ni kwaya, sauti za watu wanne watano wanaimba "aaa", nyuma kwa mbali kuna mtoto anakohoa. Nimempigia ba'mdogo nikaweka simu kwenye spika. Kakaa kimya halafu akasema huyo anayekohoa ni Salma. Salma binamu yangu saa hizi ana watoto wawili.

Halafu jana nilifanya kitu. Pale kwetu kila jioni anapita muuza kahawa, ile anagonganisha vikombe mkononi, ke ke ke. Nikamsimamisha nikanunua vikombe vitatu ili asininunie, nikarekodi kwa maiki moja kwa moja kwenye kinanda. Sekunde mbili tu. Nimeshusha oktavu mbili, ule mlio unatanuka mara nne, ke imekuwa kengele kubwa ya shaba, mpaka unasikia pale kombe linapokwaruza kabla ya kuachana na lenzake. Nikapitisha kwenye rivabu (mwangwi) yake ya ndani, nikarekodi tena matokeo yake humohumo, nikawa na kitu ambacho sijui nikiite nini ila ndo mwanzo wa wimbo wangu mpya. Nilimaliza saa nane usiku, nikahifadhi kwenye flopi mbili tofauti.

Jamaa wa Kariakoo kapiga simu, sasa anasema laki sita.

biti_za_bure:
Weka hiyo ya kahawa tusikie. Sijasema nimebadilisha mawazo, nimesema weka tusikie.

shangazi_ohio:
Hizo flopi zenye ukungu usizitupe mwanangu. Kuna watu wanaosha ule utando kwa uangalifu wanaokoa. Na hiyo kwaya kabla hujaiweka kwenye wimbo waombe wenyewe, kama ba'mdogo anawajua.

mtoto_wa_tandika:
Sawa shangazi, ba'mdogo anawajua wote, wawili wako Mbeya. Swali la mwisho wakuu, noti ya tatu kutoka juu ni bubu, hata ikandamizweje. Nifungue nisugue zile raba chini kama kwenye Yamaha?

fundi_wa_majengo:
Hakuna raba humo, usisugue kitu. Hiyo inahisi kwa koili na vibati, ndio maana inajipima kila ukiiwasha. Huenda kibati kimetoka mahali pake. Fungua uzi mpya na upige picha za ndani, kwanza uchomoe umeme.