Mrejesho: Vidonge vya presha vilivyokuwa vinaachia dawa mapema

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini vidonge vyangu vya majaribio vya metoprololi, vya kuachia dawa taratibu, vilikuwa vinatoa karibu nusu ya dawa ndani ya saa ya kwanza.

Mliosema shida ni haipromelosi, ule unga unaogeuka jeli ukilowa na kuizuia dawa isitoke haraka, mlipatia. Niliweka kidogo, tena ya mnato mdogo. Metoprololi huyeyuka upesi sana kwenye maji, hivyo kabla tabaka la jeli halijajifunga, dawa ilishatoka. Nimepandisha hadi asilimia 40, ya mnato mkubwa. Jana nilikaa mbele ya chombo cha maji ya nyuzi 37 nikikitazama kidonge kinavimba na kuvaa utando mzito, unateleza kama ute wa yai. Nilipokipasua baada ya saa 4, katikati bado pakavu, peupe kabisa. Nilifurahi mno!

Kukandamiza unga kwa nguvu zaidi wakati wa kutengeneza kidonge hakukubadili kitu cha maana.

Kimebaki kipimo cha maji yenye pombe. Kwa baadhi ya vidonge vya aina hii, pombe hufanya dozi ya siku nzima imwagike kwa mkupuo, na hapo presha ya mgonjwa inaweza kushuka vibaya. Hilo silibahatishi. Nikimaliza nitaleta majibu.