Mrejesho: mlio wa ka-ka-ka kwenye kona

Wakuu, niliuliza kuhusu haibridi (gari lenye injini na mota ya umeme) inayovuta kwa magurudumu ya mbele: inalia ka-ka-ka kwenye kona kali, na inagonga "dum" moja mguu ukitoka kwenye mafuta. Asanteni sana, mlilenga penyewe.

Ka-ka-ka ni sivijointi (kiungo kinachojikunja cha shafti inayozungusha gurudumu) ya nje, upande wa kulia. Raba buti (kifuniko cha raba cha jointi) ilichanika kwenye mkunjo, grisi ikarukia rimu, mchanga ukaingia. Golori zilishachimba vishimo kwenye njia zake. Hapo grisi mpya haisaidii, ni kubadilisha tu. Imefungwa mpya, na pakiti nzima ya grisi ya molibdenamu, klipu 2 na nati mpya ya ekseli, iliyokazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari.

"Dum" ilikuwa jointi ya ndani (ncha ya pili ya shafti), nayo imebadilishwa. Mota ya umeme hutoa nguvu kubwa tangu gari linapoondoka. Ukiachia mafuta inageuka jenereta na kuivuta shafti kinyume, hivyo hata ulegevu mdogo unasikika.

Rakiendi (kiungo cha usukani; kupima, tikisa gurudumu kushoto na kulia) na bolijointi (kiungo cha sasipensheni; tikisa juu na chini) ni nzima. Kabla ya jeki, hakikisheni taa ya READY (inayoonyesha gari limewaka) imezimika na funguo iko mbali na gari.